Aikande, Tumewapata Wenyeji wa Mkorofi

Stoo ya juu, Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo
Jumapili asubuhi

Aikande wangu,

Salamu za kufika huko ulipo sizijui, kwa hiyo naanza na habari yenyewe kabla haijanipasua kifua. Mkorofi amekubali! Yule yule. Lile kundi la hesabu tulilolibandika jina la Mkorofi kwa sababu kila tukiliwekea programu yetu, kompyuta inachemka kama jiko na jibu halitoki. Limefunguka, shoga yangu. Ndani yake kuna kijikundi ambacho hakuna aliyekijua, si mimi, si wewe, si vitabu vyote tulivyosoma. Nimeruka mpaka nikagonga kichwa kwenye boriti ya stoo ya mama yako. Nundu ilinikaa wiki nzima.

Najua ungekuwa hapa ungenikata: "Zuhura, punguza kelele, anza mwanzo." Haya. Naanza mwanzo.

Ulipoondoka, niliacha. Tulikuaga pale kanisani, gari likaanza safari ya Machame na ndugu zako, mimi nikarudi nyumbani, mtaani Gerezani, nikaizima kompyuta na kuisukuma chini ya kitanda. Nilimwambia Daktari Kisanga, msimamizi wetu, kwamba nabadilisha mada. Nataka kitu chepesi, takwimu, chochote. Wala hakunilaumu. Kila nilipofungua lile faili nilikuta mistari yako ya programu, na yale maelezo uliyopenda kuyachomeka katikati kwa Kiswahili: "Hapa Zuhura asiguse." Ningegusaje? Nilikuwa nalifunga tena.

Aliyenirudisha ni mama yako.

Alifungua duka baada ya msiba kuisha. Vyombo vya plastiki vilevile, ndoo zimepandana hadi darini, masinia yananing'inia mlangoni. Siku moja akanipigia simu, nipite. Nikaenda. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, kaa." Akanipa kile kigoda chako. Nikakaa upande mmoja, kama vile nakuachia nafasi.

Hakuzunguka. Akasema, "Zuhura, kule nyumbani watu waliniuliza marehemu alikuwa anasomea nini. Nikasema hesabu. Wakaniuliza, hesabu gani? Nikanyamaza. Mimi niliyemzaa, nikanyamaza mbele za watu. Nieleze. Mwanangu alikuwa anafanya nini?"

Aikande, umewahi kuulizwa hivyo na mtu mwenye macho kama yale? Ningemwambiaje mama yako kwamba mwanawe alikuwa anakokotoa vijikundi visivyohamishwa na mageuzi yoyote ya kundi? Nilitazama huku na huku, nikaokota kifuniko. Kifuniko cha mraba, cha yale makopo ya kuwekea unga.

Nikamwambia, "Mama, hiki ukikizungusha robo, kinakaa tena palepale. Ukikizungusha nusu, kinakaa. Ukikigeuza tumbo juu pia kinakaa, na kukigeuza kuna namna mbili: unashika pembe na pembe, au unashika ubavu na ubavu. Miondoko hiyo yote pamoja, na kanuni za huu ukifuatwa na ule unapata upi, ndiyo tunayoita kundi."

Akakichukua. Akazungusha, akageuza, akazungusha.

"Sasa, mama, chukulia mtu anabadilisha majina ya hiyo miondoko, ila kwa ujanja, kanuni zote zibaki kweli. Kugeuza kwa pembe anaweza kukuita kwa ubavu, na kwa ubavu akakuita kwa pembe, hutamkamata. Lakini ile familia ya kuzungusha hawezi kuitoa. Wa kulia atabadilishana na wa kushoto humohumo ndani, basi. Hakuna ujanja utakaoufanya mzunguko uwe kugeuza. Familia ya namna hiyo tunaiita wenyeji. Hilo jina alilitoa Aikande."

Unakumbuka siku uliyolitoa? Mimi nilikuja na tafsiri ndefu kama treni, wewe ukanitazama kwa huruma. "Mtu ambaye mji upangwe upya vyovyote, yeye hatoki kwake, anaitwaje? Si mwenyeji? Umemaliza."

Mama alikigeuza kile kifuniko kwa muda mrefu. Kulikuwa na mteja anataka ndoo, akaambiwa asubiri. Kisha akasema, "Kwa hiyo mlikuwa mnawatafuta wasiotoka."

"Ndiyo mama. Kwenye kifuniko unawaona kwa macho. Makundi yetu sisi yana wanachama wengi kuliko mchanga wa Kigamboni, ndiyo maana tunatumia kompyuta."

"Mliwapata?"

"Baadhi. Wapo wanaojulikana siku zote, kila kundi linao. Lakini kuna kundi moja tulihisi wamo wengine zaidi, na hawaonekani."

"Na sasa anayewatafuta ni nani?"

Hakunisubiri. Akafungua droo, akanipa ufunguo wa stoo. "Kompyuta yake iko juu. Sijaigusa. Nenda." Halafu akamgeukia mteja wake, "Ndoo ipi, baba, ya lita ngapi?"

Basi nikapanda. Ile harufu, Aikande. Plastiki mpya na vumbi la maboksi. Maboksi tuliyokuwa tunayageuza ubao hayapo hata moja, yote yameuzwa na vyombo ndani yake. Huko Tunduma na Songea kuna wafanyabiashara wana nusu ya kazi yetu na hawajui. Nilicheka peke yangu. Nikaiwasha kompyuta yako, nikakuta Mkorofi ananisubiri, na mstari wako: "Hapa Zuhura asiguse."

Nikagusa. Ulitaka nifanyeje?

Nilianza na ile njia yetu ya zamani. Kumwendea kila mwanachama wa kundi na kumuuliza: wewe unaelewana na wangapi? Kuelewana kwa maana yetu, kwamba utangulie wewe afuate yeye, au atangulie yeye ufuate wewe, matokeo ni yaleyale. Wenye majibu sawa unawaweka fungu moja, kwa kuwa kubadilisha majina hakubadilishi idadi ya unaoelewana nao. Wazo zuri, hata sasa naliheshimu. Lakini wanachama wa Mkorofi hawamaliziki. Kompyuta ililia hadi feni yake ikatoa harufu.

Wewe ulishaliona hilo. Ile siku wodini Upanga, dripu mkononi, selimundu imekushika kwenye mifupa, mimi nakupepea na gazeti. Ulifungua macho ukasema, "Zuhura, tunahoji watu wengi mno." Nikakwambia upumzike. Ukasema, "Napumzika. Lakini tunahoji watu wengi mno." Hukusema tumhoji nani. Nadhani hukujua bado. Ulijua tu kwamba tumekosea mlango.

Maneno hayo nilitembea nayo wiki baada ya wiki. Nilikuwa nayo pia Jumamosi ile nilipotoka Kariakoo kwa miguu kwenda Posta. Mnazi Mmoja walikuwa wanaandaa mkutano, fundi wa spika anapiga "moja, mbili, moja, mbili", watu wanamiminika, njia haipitiki. Nikasimama pembeni nikinung'unika kama mgonjwa: watu wengi mno, watu wengi mno. Basi kichache ni kipi? Ndani ya Mkorofi, kidogo ni kipi?

Kitovu!

Aikande, kitovu chake ni kidogo kabisa! Wale wachache wanaoelewana na kila mtu. Na wanachama wawili wasipoelewana, tofauti yao inaangukia wapi? Si kitovuni? Kundi la namna ya Mkorofi ugomvi wake wote, wa kila mtu na kila mtu, unaangukia mahali pamoja padogo. Na sisi tulikuwa tunazunguka mitaani kumgongea mmoja mmoja!

Nikageuka nikakimbia. Mimi, na baibui langu, na jua lile. Nilimpiga kikumbo mama muuza mihogo akanipigia kelele, "We dada, umebanwa na mkojo?" Nikamwomba radhi huku nakimbia. Mama yako alikuwa na wateja, aliniona napita kama upepo kuelekea ngazini, hakuniuliza kitu.

Nikaandika upya. Hakuna tena kumhoji mwanachama. Tunakitazama kitovu kwa kila upande unaowezekana, na kwa kuwa ni kidogo, pande zake ni chache, kompyuta inazimaliza zote. Kila upande tunauuliza swali moja: ukitazama kutoka hapa, ni akina nani ambao ugomvi wao wote hauonekani? Upande unaoficha wengi hauwezi kubadilishana na upande unaoficha wachache, hata majina yapanguliwe vipi. Kwa hiyo chukua pande zote zinazoficha wengi kuliko nyingine, waunganishe wale waliofichwa, na kijikundi wanachounda ni mwenyeji. Lazima awe mwenyeji. Hana pa kwenda!

Nikachemsha maji kwa jagi la umeme, nikaweka tangawizi, nikabonyeza. Nilijiandaa kusubiri hadi Magharibi. Chai sijamaliza hata kuipuliza, jibu hili hapa.

Halikuwa kitovu. Halikuwa kundi zima. Lilikuwa kijikundi cha katikati, kimejikalia zake kwa raha, miaka yote hiyo.

Sikuamini. Nikafanya ulivyonifundisha, usiamini jibu linalokufurahisha. Nikamvisha Mkorofi baibui: nikampa majina mapya ovyoovyo, nikamwingiza tena kama kundi geni kabisa. Kijikundi kikatoka, ukubwa uleule. Nikayavua yale majina, nikakikuta palepale. Nikarudia. Palepale. Nikarudia tena.

Hapo ndipo nilipoigonga boriti.

Mama yako alipanda mbio na ufagio. "Yuko wapi? Panya yuko wapi?"

"Si panya mama! Ni wenyeji! Wenyeji wa Aikande!"

Akakaa kwenye ngazi, ufagio mapajani. Akasema, "Yesu wangu." Akacheka. Halafu akalia, nami nikalia, tukakaa pale ngazini mimi na yeye tukilia na kucheka, huko chini mtu anaita, "Wenye duka! Wenye duka hapa!"

Sasa sikiliza, kuna jambo liliniumiza, na lazima nikwambie.

Nilimpelekea kazi Daktari Kisanga. Aliisoma, akaivua miwani, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Unajua hafanyi hivyo. Tukaanza kuongea habari ya kuichapisha, akasema kwa upole, "Jina la marehemu tutaliweka kwenye shukrani, mwishoni."

Nikasema, "Daktari, hapana. Jina lake linakaa juu, pamoja na langu."

"Zuhura, naelewa uchungu wako."

"Si uchungu. Sehemu ya pili yote ni yake." Na ni kweli, wala sikumwonea huruma mtu. Ni wewe uliyesema kwamba mwenyeji wa mwenyeji ni mwenyeji, kwa hiyo ukimpata mmoja usishangilie, ingia ndani yake utafute tena. Ni wewe uliyethibitisha, kitandani, mimi naandika wewe unasema, kwamba hata uanze na yupi utaishia na walewale. Bila hiyo mimi nina kijikundi kimoja. Pamoja na hiyo tuna njia.

Akairudisha miwani machoni. Akasema, "Anayeweka jina lake juu ya uthibitisho anatakiwa kuusimamia. Mtu akiuliza, nani atamjibu kwa niaba yake?"

"Mimi."

"Una hakika?"

"Mimi, Daktari."

"Basi toa semina. Waite watu. Ukiitetea sehemu yake kama unavyoitetea yako, jina linakaa."

Siku ya semina nilivaa ule mtandio wa kijani uliosema unanifanya nifanane na mtu aliyefaulu. Chumba kilijaa. Na mstari wa mbele kabisa, Aikande, ameketi mama yako! Duka amelifunga, siku ya kazi, Kariakoo! Kitenge kipya, kilemba juu, mkoba umekaa magotini kama yuko ibadani. Sikumwalika, niliogopa atachoka. Siku na saa alimuuliza Daktari mwenyewe.

Sehemu yangu ilipita vizuri. Kisha mgeni mmoja, profesa mwanamke kutoka Nairobi, akainua kalamu. Mwanamke makini, sauti ya chini. "Ukianza na mwenyeji mwingine, una hakika utafika palepale? Mimi naona njia zinaweza kuachana."

Ndilo swali lako. Lako hasa. Nikaishika chaki kwa nguvu. Halafu nikakusikia, si kwa mizimu wala nini, nilikukumbuka tu, sauti yako ya wodini iliyokuwa inakatika: "Kila hatua inaongeza. Hakuna hatua inayofuta. Kwa hiyo ulichoweza kukipata mwanzo, utaweza kukipata hata mwishoni." Nikaandika hivyohivyo. Nikachora njia mbili zinazoachana, nikaonyesha kwamba kila kilichopatikana kwenye moja lazima kitapatikana kwenye nyingine, zikakutana. Yule profesa akatazama ubao muda, akaandika kitu, akasema, "Safi sana. Hii ni ya nani?"

"Ya Aikande," nikasema. Nikataja na ukoo wako. Daktari Kisanga aliinamisha kichwa.

Profesa akauliza tena, "Na pande zote za kitovu zikifanana, zote zinaficha sawasawa?"

Hapo, mwenzangu, sikuwa na kitu. Nikasema, "Hapo programu inanyamaza, na mimi nanyamaza." Watu wakacheka. Yeye akatabasamu. "Basi kazi mnayo." Alisema mnayo, Aikande. Sisi wawili.

Mwishoni wakauliza kama kuna mwingine mwenye neno. Mama yako akasimama. Akasema, "Mimi ni mama yake Aikande. Nauza vyombo Kariakoo. Mengi ya leo yamenipita, sitawadanganya. Lakini watu wa nyumbani wakiniuliza tena mwanangu alifanya nini, sasa ninalo la kuwajibu. Asanteni." Akakaa, akaurudisha mkoba magotini. Nani alianza kupiga makofi sijui. Mimi nilikuwa nimeshageukia ubao, nafuta mahali palipokwisha kufutika.

Makala imekwenda. Majina mawili juu, lako kwanza, maana ndivyo alfabeti inavyotaka na mimi nimefurahi hivyo. Na neno wenyeji tumelieleza ndani kwa aya nzima, asiyelipenda shauri yake.

Nisikufiche, zipo saa ambazo furaha hii inaniuma. Jibu lilipotoka nilishika simu nikupigie. Namba yako nilishaibonyeza. Nilikaa naitazama mpaka kioo kikazima. Hiyo ndiyo sehemu ambayo hakuna... sitaimaliza hiyo sentensi. Wewe unaijua.

Lakini leo sikukaa kulia, nimekuja kukuahidi. Lile swali la pande zinazofanana nimelichukua. Daktari amenikubalia, ndiyo mada yangu ya uzamivu, takwimu nimeziaga. Nikikwama nitakwama kwa sauti kubwa, kama tulivyozoea, mpaka mama yako apande na ufagio.

Na Desemba nakuja. Mimi mtoto wa Gerezani nisiyevumilia hata feni ya kasi ya tatu, nakuja kwenye baridi ya Machame. Mama ameshanikatia tiketi karibu yake na ananitafutia sweta. Anasema umelala mgombani, upande unaoonekana mlima asubuhi mawingu yakiondoka. Nitakaa hapo nikusomee makala yote, kuanzia jina lako hadi nukta ya mwisho, na uthibitisho sitauruka hata mstari. Jioni hizi ananifundisha maneno ya kwenu ili nisiaibike kwa bibi yako. Yananishinda, ulimi unateleza, anacheka mpaka anashika meza. Lakini moja limeniingia, ndilo alilonifundisha kwanza, la kumwambia mtu aliyekutendea wema.

Aika, Aikande. Aika sana.

Lala salama, rafiki yangu. Narudi kazini.

Wako,
Zuhura